Bata chini ya msharasi: Toughees, Safari Boot na patapata kwa macho ya fundi

Desemba ikifika katikati, wazazi huanza kuja kibandani kwangu Mwembe Tayari, Mombasa, bila kiatu mkononi. Wanakuja kuuliza. "Fundi, mtoto anaingia darasa la nne, nataka viatu vinifikishe likizo ya Agosti. Ninunue vipi?" Jibu langu ni lile lile miaka yote, nami nataka niliandike pamoja na sababu zake, maana barabarani mtu ana haraka na matatu inapiga honi. Nunua Toughees ya ngozi, kiatu cheusi cha shule cha kampuni ya Bata, saizi moja juu ya mguu.

Bata haijanilipa wala sina jamaa anayefanya kazi huko. Mimi ni fundi viatu, kazi niliyoirithi kwa baba pamoja na nyundo yake na kile chuma cha miguu mitatu ninachogongea visigino hadi leo. Muuzaji hukijua kiatu kikiwa kwenye rafu. Mimi hukijua kikiwa kimechoka: soli imeachama, kisigino kimelika upande mmoja, uzi umeoza kwa jasho. Chapa zote hupita mikononi mwangu, za dukani na za mtumba wa soko la Kongowea, na nikishaingiza msharasi, yaani chuma changu cha kutobolea, kwenye ngozi hutambua aliyekitengeneza alimfikiria nani. Wengine walimfikiria mtu wa kushuka kwenye gari na kuingia ofisini. Toughees ilitengenezwa kwa mtoto mwenye pea moja tu, anayekwenda shule kwa miguu na kurudi akipiga teke kila kopo analokutana nalo.

Tuanze na ngozi. Tazama pale ulimi unapoanza, mahali ukingo umekatwa wazi. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zake. Ile ya kuigiza, yaani plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, ukingo wake ni laini na kitambaa huchungulia kwa chini. Jaribio hili halihitaji kiberiti, na hakuna muuzaji atakayekuzuia kulifanya. Soma na kibandiko pia, kwa sababu si kila kiatu cheusi cha shule kinachouzwa Bata ni cha ngozi. Vipo vya kuigiza kwa bei ya chini, na hivyo sivyo ninavyovisifu hapa.

Kisha angalia mishono. Kiatu cha mtoto hupasukia sehemu mbili: ubavuni, pale mguu unapokunjika, na nyuma ya kisigino, pale mtoto anapokivua kwa kukikanyaga na mguu mwingine bila kufungua kamba. Hapo pawe na mistari miwili ya uzi, na nyuma kipande cha ngozi kilichoongezwa juu ya mshono. Bonyeza kigumu cha kisigino kwa dole gumba. Kikibonyea na kubaki kimebonyea, kirudishe rafuni. Kikunje kiatu kwa mikono miwili: kinapaswa kukunjika karibu na vidole, si katikati ya unyayo. Toughees ya ngozi hufaulu yote haya, na ndiyo maana watoto wengi wanaoniletea Toughees huniletea soli iliyokwisha huku ngozi ya juu bado inafaa kupigwa dawa na kung'aa.

Soli ndiyo tunayobishania sana na wateja. Sisi huku tuna desturi ya kupeleka kiatu kipya kwa fundi siku ile ile ya kukinunua, kishonwe soli kuzunguka. Kwa viatu vilivyobandikwa kwa gundi tu nakubaliana na desturi hiyo, kwani gundi ya bei rahisi hulegea kwa joto la lami ya Mombasa. Kwa Toughees nakataa, na wapo wanaodhani nakwepa kazi. Soli yake haikubandikwa. Ngozi iliyokwisha kushonwa huvalishwa kalibu ya chuma, yaani umbo la mguu, hufungiwa ndani ya mashine, na plastiki iliyoyeyuka husukumwa chini yake. Ikipoa huwa imeng'ang'ania ngozi bila mwanya. Ukiitoboa matundu kuzunguka pande zote umeyafungulia maji njia ambayo kiwanda kilikuwa kimeiziba. Vaa kwanza. Siku mpira na mawe yatakapofungua mwanya puani, ndipo ulete, nami nitashona pale palipofunguka kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta.

Udhaifu wa soli ya kumiminwa ni kwamba ikilika haibanduki. Soli iliyoshonwa kwa mtindo wa zamani naikata uzi, naitoa, naweka nyingine. Hii lazima niisawazishe kwa kisu, niikwangue, nibandike nusu soli ya raba halafu nishone. Inawezekana mara moja. Mara ya pili ukingo hauna tena mahali pa kushika uzi. Ukubali kwamba ni kiatu cha soli moja na nusu, na kwa mtoto anayekua hiyo inatosha, maana mguu utakikataa kabla ya kazi yangu kuisha.

Kuhusu saizi, namba za viatu vya shule hapa Kenya ni za Kiingereza, na hatua moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka kiasi hicho kwa mwaka, wengine zaidi. Kwa hiyo saizi moja juu yatosha. Mzazi anayeongeza mbili au tatu ili kiatu kidumu anakiua kiatu mwenyewe, kwa sababu kitakunjika mahali kisipopangiwa kukunjika na ngozi itapasuka kabla ya soli kuguswa. Mtoto asimame kwa miguu yote miwili, umvalishe na soksi za shule, kisha ubonyeze mbele ya kidole kirefu. Nafasi ya upana wa dole gumba, basi.

Sasa niseme asili ya kiatu hiki, maana barazani watu hubishana: huyu asema Bata ni ya Wahindi, yule asema ni ya Limuru tangu mwanzo. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini chimbuko ni Zlín, mji wa Moravia, ambao leo uko Ucheki na wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Tomáš Baťa alizaliwa huko mwaka 1876 katika ukoo wa washona viatu wa vizazi vingi. Mwaka 1894 yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walitia pamoja urithi wa mama yao wakafungua karakana. Mwaka mmoja tu baadaye madeni yaliwakaba. Antonín akachukuliwa jeshini. Tomáš hakuwa na pesa za ngozi, alikuwa na turubai. Akashona viatu vya turubai na kuweka ngozi kidogo mahali panapolika haraka. Kiatu hicho, kilichokuja kuitwa baťovka, kilikuwa chepesi na cha bei ambayo kibarua angeweza kuilipa, nacho kikamtoa kwenye deni.

Fundi yeyote wa kibandani anaielewa hali ile. Unapokosa ngozi nzuri hulali. Unajiuliza ni wapi hasa kiatu kinahitaji ngozi na ni wapi kinaweza kwenda na kitu kingine. Swali hilo ndilo ninalolisoma kwenye Toughees: ngozi imewekwa juu, panapokunjika, plastiki imewekwa chini, panaposuguliwa, na hakuna urembo wa kulipia.

Mwaka 1904 Tomáš alikwenda Marekani akafanya kazi kiwandani Lynn, Massachusetts, mji uliokuwa makao makuu ya viatu wa nchi ile. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu yupo mtu wa Lynn ambaye mafundi wenzangu wa Kiafrika wangepaswa kumjua kwa jina. Jan Ernst Matzeliger alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, baba mhandisi wa Kiholanzi, mama mwanamke mweusi wa huko. Alifanya kazi melini, akafika Lynn mwaka 1877, akapata kibarua cha mashine ya kushonea viatu.

Wakati ule mashine zilikuwa zimekwisha kuchukua kazi ya kukata na kushona. Kazi moja ilizishinda: kuwamba. Ngozi ya juu lazima ivutwe juu ya kalibu, ikunjwe puani na kisiginoni bila kikunyanzi, ishikiliwe kwa koleo huku misumari midogo ikipigwa. Mkono wa binadamu huhisi ngozi inapokaribia kuchanika na kulegeza kidogo, chuma hakihisi. Fundi mwambaji stadi alimaliza pea 50 hivi kwa siku, na kiwanda kizima kilimngoja yeye. Matzeliger alijifunza Kiingereza usiku, akajenga mifano ya mashine kwa vipande vya mbao, waya na maboksi ya sigara, na tarehe 20 Machi 1883 akapewa hataza. Mashine yake iliwamba pea 150 kwa siku, baadaye hadi 700. Bei ya viatu Marekani ikashuka karibu nusu. Yeye mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889, hajafika miaka 37.

Nimewamba ngozi kwa mkono. Naijua kazi ile ya pua ya kiatu, jinsi vidole vinavyouma jioni na jinsi kikunyanzi kimoja kinavyokulazimisha uanze upya. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kiatu cha kiwandani ni akili ya Mzungu, namwambia juu ya kijana wa Paramaribo. Pua ya Toughees isingekuwa laini vile kwa bei ile kama si yeye, na Lynn aliyoiona Tomáš Baťa miaka 15 baada ya kifo chake ilikuwa inazunguka kwa mashine za aina yake.

Aliporudi Zlín, Tomáš alijenga kiwanda kwa mtindo wa Kimarekani. Vita Kuu ya Kwanza vikaleta oda za mabuti ya jeshi la Austria-Hungaria na kiwanda kikafura. Vita vikaisha, Czechoslovakia ikazaliwa, na mwaka 1922 thamani ya fedha yake ikapanda ghafla kiasi kwamba mauzo ya nje yakakwama na maghala yakajaa. Wenye viwanda wengine walifunga milango wakingoja. Yeye akatangaza, kuanzia Septemba 1922, kwamba viatu vyake vyote vinauzwa nusu bei. Bango lake lilionyesha ngumi ikiliponda neno la Kicheki la ughali wa maisha. Wafanyakazi walikubali mshahara upunguzwe kwa asilimia 40, na kampuni ikawauzia chakula na nguo kwa nusu bei katika maduka yake. Watu walifurika madukani, na washindani waliomcheka wakashusha bei zao kwa kulazimika.

Desturi ya bei kuishia na tisa pia ilisambazwa sana na maduka yake, hata Wacheki hadi leo huiita bei ya Baťa. Ukiingia dukani Mombasa ukaona kibandiko kinaishia na 99, ujue kimetoka mbali.

Sitaki kumpaka mtu asali. Mji wa Zlín ulikuwa wa kampuni: nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, na jicho la kampuni juu ya maisha ya mfanyakazi. Baada ya Tomáš kufa katika ajali ya ndege yake kwenye ukungu tarehe 12 Julai 1932, ndugu yake wa baba mmoja, Jan Antonín, alijenga jengo refu la makao makuu lenye ofisi ndani ya lifti, ili bosi aweze kushuka na kupanda na meza yake hadi ghorofa lolote. Mfanyakazi hakujua saa wala siku. Lakini hao hao ndio waliotambua kwamba ushuru wa forodha unaua kiatu cha bei nafuu, wakaamua kujenga viwanda kule kule wanakouza: East Tilbury Uingereza, Borovo Yugoslavia, Batanagar karibu na Kolkata. Wanazi walipoivamia nchi mwaka 1939, mwana wa Tomáš, Thomas, alikuwa akianzisha Batawa huko Kanada. Mwaka 1945 serikali ya Czechoslovakia ikataifisha kampuni nyumbani, na mji wa Zlín wenyewe ukaitwa Gottwaldov kuanzia 1949 hadi 1990. Matawi ya ng'ambo ndiyo yaliyoibakiza Bata hai.

Tawi mojawapo ni letu. Bata ilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, na kiwanda cha Limuru kikaanza kazi miaka ya mwanzo ya 1940, kule juu kwenye baridi na mashamba ya chai. Kwa hiyo anayesema Bata ni ya Limuru hakukosea sana. Kuna familia zilizofanya kazi pale mtoto baada ya baba.

Jirani zetu wa Tanzania wana kisa chao, nacho chafaa kusimuliwa na mtu wa viatu kuliko na mtu wa siasa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Bata ya huko pamoja na za kampuni nyingine kadhaa, na viatu vya nyumbani vikaja kujulikana kwa jina la Bora. Kisha, miaka ya 1970, ukaja mradi wa Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kiwanda cha kisasa cha kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa zikiwa za kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa mpya kabisa. Lakini jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Vipuri havikuja kwa wakati. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilikuwa kimekwisha.

Huwa nakitafakari kisa hicho kwa uchungu, kwa kuwa Tanzania ina ng'ombe wengi, ina ngozi, ina mafundi hodari. Kasoro ilianzia kwenye kalibu: kiatu kilikusudiwa mguu wa mtu wa Ulaya ambaye hakuna aliyemjua, na ambaye tayari alikuwa na Italia jirani yake. Aliyekuwa akipita nje ya geti la kiwanda na ndala zimekatika hakuwamo kwenye hesabu. Limuru walimhesabu huyo kwanza. Sisemi Bata ni watu wema kuliko wengine. Ni wafanyabiashara, na Bata ilipochukuliwa Tanzania haikuaga kwa ukarimu. Nasema walimjua mvaaji.

Tuingie kwenye Safari Boot, ambayo mimi mwenyewe huivaa. Ni buti fupi la kifundoni, la ngozi ya suedi, matundu machache ya kamba, soli nene ya raba. Jamii hii ya buti ilipata umaarufu mwaka 1950 kupitia Clarks, kampuni ya Street, Somerset, iliyoanza mwaka 1825. Nathan Clark aliziona miguuni mwa maofisa wa Kiingereza huko Burma wakati wa vita. Walikuwa wameshonewa na mafundi wa soko la Cairo. Mafundi wa sokoni, yaani watu wa kazi yangu. Mafundi hao hawakupata jina, lakini mtindo wao umezunguka dunia na kutua Limuru.

Ninachokipenda ni ule mtindo wa asili wa kuzishona: ukingo wa ngozi hukunjwa kwenda nje na kushonwa juu ya soli ya kati, mshono ukiwa wazi mbele ya macho. Kwa fundi hilo ni jambo kubwa. Mshono ninaouona naweza kuurudia. Soli ya chini ikiisha, naibandua na kuweka ya tairi au ya raba, na buti linaendelea. Mvaaji wa kawaida anaweza kubadili soli na kubaki na ngozi ile ile, ambayo kwa suedi huzidi kuwa laini mguuni kadiri inavyozeeka.

Kwa watu wa Pwani, mambo mawili. Chumvi ya bahari huacha alama nyeupe kwenye suedi. Ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke kivulini huku umejaza gazeti ndani, halafu isugue kwa brashi kavu. Na tafadhali usipake dawa ya viatu juu ya suedi. Huniletea vijana mabuti yamekuwa kama ubao, na hakuna ninachoweza kufanya. Machi hapa Mombasa buti la aina yoyote ni joto, kwa hiyo mimi huliweka kabatini na kulitoa mvua zikianza.

Patapata sina mengi ya kusema. Ni kandambili ya raba, bei yake ni ndogo, na kwenda msikitini, bafuni na sokoni inatosha. Angalia gidamu tu: kile kifundo cha chini kiwe kipana na kizame ndani ya soli, kisijitokeze. Kikikatika, msumari na kipande cha raba huleta maisha mengine. Zamani huko India, Bata ilikuwa na tangazo lililowaonya watu juu ya pepopunda, kwamba hata mchubuko mdogo ni hatari, vaa kiatu. Ulikuwa ujanja wa kuuza, lakini ulikuwa ukweli pia. Mtoto akiwa na patapata miguuni hachomwi na msumari wa kutu kirahisi, na mimi ninaokota misumari hiyo kila asubuhi mbele ya kibanda.

Huduma ya dukani ni ya kuridhisha kwa jumla. Maduka ya Bata ninayoingia hukuletea miguu yote miwili ujaribu, hukuacha utembee nayo, na bei imeandikwa, hakuna kubishana. Kwa mzazi asiye na ulimi wa sokoni hilo ni nafuu kubwa. Foleni ya wiki ya kwanza ya Januari ni ndefu mno na saizi za katikati huisha, kwa hiyo nenda Novemba ukiweza. Weka risiti.

Jihadhari na bandia. Jirani yangu aliuziwa na duka moja mjini, ambalo si la Bata, viatu vya shule vilivyobandikwa jina la Toughees. Alipoviona vinachubuka rangi aliniletea. Ngozi ilikuwa ya kuigiza, na ndani, chini ya soli ya kukanyagia, palikuwa na boksi la karatasi. Karatasi. Mvua ya kwanza iligeuza kitu kile uji. Nenda kwenye duka lenyewe la Bata, au kwa muuzaji unayemjua na atakayekuwepo kesho.

Na kama pesa ya Toughees haipatikani mwaka huu, usikimbilie kiatu kipya cha plastiki cha bei ya kutupa. Nenda Kongowea asubuhi, marobota yakifunguliwa, utafute kiatu cheusi cha mtumba cha ngozi halisi, hata kama kimechakaa soli. Tazama ukingo, bonyeza kisigino, kikunje kwa mikono miwili kama nilivyoeleza. Mishono ya ubavuni ikiwa mizima, kilete. Soli naweza kuweka, kamba naweza kubadili, rangi itarudi kwa dawa na brashi. Ngozi ya ubavuni ikiwa imepasuka, kiache hapo hapo kwenye turubai, hata ukipewa bure.